CPA, CFA au Cheti cha Masoko ya Mitaji: Kipi Kimfae Kijana wa Kusini Anayeitaka Benki ya Uwekezaji

Vijana wanaomaliza masomo ya uhasibu na fedha katika kampasi ya Mtwara ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), au katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, huwa na swali moja ambalo wazazi wao hulipima kwa ada: je, baada ya shahada kuna haja ya kutafuta cheti cha kitaaluma ili kuingia katika benki ya uwekezaji, na kama haja ipo, ni cheti kipi? Majibu ya mitaani ni ya haraka mno. Wapo wanaosema CFA ndiyo kila kitu, wapo wanaosema bila CPA huajiriwi popote, na wapo wanaosema vyeti vyote ni kupoteza fedha kwa kuwa kazi hizo hupatikana kwa kujuana. Makala haya yanalinganisha vyeti vitatu: CPA, yaani cheti cha mhasibu aliyethibitishwa, inayotolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), CFA, yaani cheti cha mchambuzi wa fedha, inayotolewa na CFA Institute ya Marekani, na mafunzo ya uthibitisho yanayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anavyosoma: kwa mwenye shahada ya uhasibu anayeanzia Mtwara au Lindi bila fedha nyingi za ada, CPA itangulie, cheti cha CMSA kifuate pindi kazi inapokidai, na CFA ije mwishoni, isipokuwa kwa watu wa aina mbili nitakaowataja.

Kazi yenyewe ni ipi

Ulinganisho hauwezi kusimama kama kazi haijaelezwa, maana wengi huchanganya benki ya uwekezaji na benki ya kawaida yenye dirisha la kuweka na kutoa fedha. Benki ya uwekezaji haikai na akiba za watu. Inazishauri kampuni zinaponunuana au kuungana, inazitafutia mtaji kwa kuuza hisa au hatifungani (hati za deni zenye riba), na katika yote mawili inakadiria kampuni ina thamani gani. Hapa Tanzania kazi hiyo haifanywi na majengo makubwa yenye jina hilo mlangoni. Hufanywa na vitengo vya ushauri ndani ya benki za biashara, na madalali wa soko la hisa wenye leseni ya ushauri, pamoja na kampuni za ukaguzi wa hesabu zenye idara za ushauri wa miamala. Jambo hili litarudi tunapofika kwenye ajira, kwa sababu mlango unaopatikana kwa wingi zaidi ni huo wa mwisho.

Mfano wa muamala tunao hapa hapa Kusini. Gesi ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, ilikuwa mikononi mwa wabia watatu: Maurel & Prom ya Ufaransa, Wentworth Resources iliyokuwa imeorodheshwa katika soko la AIM la London, na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC). Desemba 2022 Maurel & Prom ilitangaza nia ya kuinunua Wentworth kwa peni 32.5 kwa kila hisa. Ilichukua takriban mwaka mzima hadi ununuzi kukamilika Desemba 2023, kwa kuwa ulihitaji ridhaa za mamlaka za Tanzania, ikiwemo Tume ya Ushindani, na TPDC nayo ilikuwa na haki ya kununua kabla ya mgeni. Mwisho wake, TPDC ikafikia asilimia 40 na Maurel & Prom ikashika asilimia 60.

Igawanye kazi ya muamala wa namna hiyo, uone nani anahitajika. Yupo wa kukadiria gesi iliyobaki ardhini itazalisha fedha kiasi gani kwa bei ya mkataba, na fedha hizo za miaka ijayo zina thamani gani leo. Yupo wa kupekua vitabu vya hesabu na kuuliza iwapo madeni ya wateja yatalipika na kodi zote zimekwisha kulipwa. Yupo mwanasheria wa ushindani, yupo wa kanuni za soko la London. Kadiria thamani, pekua vitabu, fuata kanuni za soko: CFA imelala upande wa kwanza, CPA upande wa pili, na cheti cha msimamizi wa soko upande wa tatu. Hakuna hata kimoja kinachobeba kazi yote, na anayekuuzia kozi kwa kukuambia kinabeba yote anafanya biashara yake.

CPA: mlango ulio karibu

NBAA imeundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu haanzii ngazi ya chini kabisa. Hupewa msamaha wa sehemu aliyokwisha kuisoma chuoni. Ada hulipwa kwa shilingi, jambo ambalo msomaji asilidharau, kwa sababu anayelipa kwa dola hupandishiwa ada hata pale msimamizi wa mtihani asipoipandisha.

Faida kubwa ya CPA kwa mtu anayelenga benki ya uwekezaji haipo katika cheti peke yake, bali katika mahali inapokufikisha. Kampuni za ukaguzi wa hesabu huajiri wahitimu kwa mkupuo, na mkaguzi kijana huingia katika kampuni nyingi tofauti ndani ya muda mfupi: leo saruji, mwezi ujao ushirika wa wakulima, baadaye benki. Akiwa na macho, anajifunza jinsi biashara zinavyopata fedha na mahali zinapoficha hasara zao. Kutoka hapo wengi huhamia idara ya ushauri wa miamala katika kampuni ile ile, na kutoka idara hiyo kwenda kitengo cha ushauri cha benki si safari ndefu. Isitoshe, Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tangu mwaka 2004, kwa hiyo anayevijua kupitia NBAA anasoma hesabu za kampuni ya Nairobi au London bila kuhitaji mkalimani.

Upungufu wake nao usifichwe. CPA inamfundisha mtu kuangalia yaliyokwisha kutokea na kuhakikisha yameandikwa sawasawa, ilhali benki ya uwekezaji inalipwa kwa ajili ya yatakayotokea. Mhasibu mzuri anaweza kukaa mbele ya jedwali tupu la Excel akiambiwa ajenge makadirio ya miaka kumi, asijue aanzie wapi, kwa sababu mtihani wake haukumtaka kubashiri. Pia kuna tabia ya tahadhari inayojengeka katika ukaguzi, ambayo ni fadhila pale pale lakini humfanya mtu awe mzito wa kutoa kauli kuhusu bei. Hayo yote yanarekebishika, tena kwa gharama ndogo, lakini hayarekebishwi na CPA.

CFA: kipimo kinachojulikana kote

CFA ina ngazi tatu, na mtihani wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1963. Ngazi ya kwanza ina maswali 180 ya kuchagua. Ya pili ina maswali yanayotokana na visa vya kusoma. Ya tatu inaongeza majibu ya kuandika. Taasisi yenyewe hushauri mtahiniwa atenge takriban saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Anayefanya kazi ya benki mjini Mtwara na kusoma saa kumi kwa wiki atahitaji wiki 30 kwa ngazi moja, bila kuhesabu wiki za msiba, harusi na kufunga hesabu za mwisho wa mwezi. Kufaulu hakuna hakika: katika miaka ya karibuni wanaofaulu ngazi ya kwanza wamekuwa wakizunguka wanne katika kila kumi, na Julai 2021 waliofaulu walikuwa asilimia 22 tu. Anayefeli hulipa ada upya.

Ada nayo si ndogo. Kila ngazi hugharimu karibu dola 1,000 au zaidi, yaani si chini ya milioni mbili na nusu za Tanzania kwa viwango vya karibuni vya kubadilisha fedha, na anayejiandikisha kwa kuchelewa hulipa zaidi ya anayewahi. Kuna ufadhili unaopunguza ada hiyo, hutolewa kwa maombi na kwa ushindani. Kijana wa Kusini asilipe ada kamili kabla hajaomba. Yako na mengine madogo yanayomshtua mtu dakika za mwisho. Mtahiniwa hutakiwa awe na pasipoti hai ya kusafiria, ambayo hapa hutolewa na Uhamiaji kwa shilingi 150,000. Kikokotoo kinachoruhusiwa ni cha aina mbili tu, Texas Instruments BA II Plus au HP 12C, na kile cha kawaida ulichotumia chuoni kitabaki mlangoni. Kituo cha mtihani nacho hakipo Mtwara wala Lindi, kwa hiyo weka nauli na malazi katika bajeti.

Lakini swali ni kama inasaidia katika benki ya uwekezaji, na hapa inafaa kuangalia kilichomo badala ya sifa yake. Katika ngazi ya kwanza, maadili ya kazi huchukua asilimia 15 hadi 20 ya mtihani, uchambuzi wa taarifa za fedha asilimia 11 hadi 14, na somo linalohusu fedha za kampuni, ambalo ndilo chakula cha kila siku cha benki ya uwekezaji, huchukua asilimia 6 hadi 9 tu. Kadiri unavyopanda, mtaala unaelekea kwenye kusimamia mali za watu: ngazi ya tatu karibu yote ni habari ya kupanga uwekezaji wa mifuko na watu binafsi. Kwa maneno mengine, CFA ilibuniwa kwa ajili ya mchambuzi wa hisa na msimamizi wa mfuko. Anayetaka kufanya kazi UTT AMIS, msimamizi wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au katika idara ya uwekezaji ya mfuko wa pensheni, ameipata njia yake, na huyo ndiye mtu wa kwanza ninayemtoa katika kanuni yangu. Anayetaka kushauri kampuni zinaponunuana atakuwa amejifunza mengi ya maana, ila sehemu kubwa ya saa 900 hizo itakuwa imekwenda mahali pengine.

Na kufaulu mitihani mitatu hakukupi haki ya kuandika herufi hizo baada ya jina. Ni lazima uwe na saa 4,000 za kazi inayohusiana na maamuzi ya uwekezaji, zilizofanyika katika muda usiopungua miezi 36, na baada ya hapo kuna ada ya uanachama ya kila mwaka. Aliyefaulu ngazi ya kwanza aandike katika wasifu wake kwamba amefaulu ngazi ya kwanza, asiongeze wala kupamba. Taasisi ile ni kali katika matumizi ya jina lake, na mwajiri anayeijua hugundua haraka.

Kiwanda kimoja cha korosho, macho matatu

Nadhani tofauti ya vyeti hivi huonekana vizuri zaidi katika biashara tunayoijua kuliko katika vipeperushi vya vyuo. Tuseme kuna kiwanda cha kubangua korosho, Masasi au Newala, ambacho mwenyewe anataka kuuza nusu ya umiliki ili apate mtaji. Tarakimu ninazotumia ni za kukisia, lakini mwenendo wake ni wa kweli. Korosho ghafi huuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu kama TANECU na MAMCU, msimu ni wa miezi michache, na mwenye kiwanda ni lazima anunue ndani ya msimu mali atakayoibangua karibu mwaka mzima. Tuseme mwanzoni mwa Novemba amenunua tani 2,000 kwa shilingi 3,000 kwa kilo, yaani shilingi bilioni 6, zote kwa mkopo wa benki wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na anabangua kwa mwendo ule ule hadi mwisho wa Agosti, akilipa mkopo kadiri ghala linavyopungua. Deni lake kwa wastani ni bilioni 3 kwa miezi kumi, na riba ni shilingi milioni 375. Kama korosho ghafi hutoa karanga asilimia 22 ya uzito wake, tani 440 za karanga zimebeba riba ya takriban shilingi 850 kwa kila kilo, hata kabla ya mshahara wa mbanguaji na umeme.

Mwenye CPA ataingia ghalani. Atauliza magunia yapo kweli, yana unyevu kiasi gani, na bei ya karanga ikishuka je, mali iliyomo ghalani bado inauzika kwa zaidi ya gharama yake. Kiwango namba 2 cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinamtaka aandike gharama au thamani ya kuuzika, ipi iliyo ndogo, na maneno hayo machache yanaweza kufuta faida ya mwaka mzima. Bila yeye, mnunuzi anaweza kulipia magunia ya korosho zilizooza.

Mwenye CFA atatoka ghalani na kwenda kwenye jedwali. Atakadiria fedha zitakazobaki kila mwaka baada ya uwekezaji, atazirudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango kinachobeba hatari ya bei, ya mvua na ya sera, kisha ataonyesha thamani hiyo inavyoyumba bei ya mnada ikipanda kwa shilingi 300. Atatafuta kampuni ya kulinganisha nayo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), hataipata, na mafunzo yake yatamsaidia kujua afanye nini pasipo mfano wa karibu.

Sasa njoo kwa mshauri wa muamala mwenyewe. Kiwanda hiki kikifunga hesabu zake 30 Juni, kimebaki na mali ya miezi miwili, kwa hiyo deni linaloonekana ni bilioni 1.2. Kikifunga 31 Desemba, deni ni bilioni 4.8. Kama pande mbili zimekubaliana kwamba biashara yote ina thamani ya bilioni 10, na mtu akatoa deni la siku ya kufunga hesabu bila kufikiri, wenye hisa wanabaki na bilioni 8.8 katika hesabu za Juni na bilioni 5.2 katika hesabu za Desemba, kiwanda ni kile kile na mashine ni zile zile. Muuzaji mjanja atapendekeza siku ya Juni, na mnunuzi atakayekubali atajikuta Novemba anatafuta bilioni 6 za msimu kutoka mfukoni mwake. Dawa yake ni kukokotoa mtaji wa uendeshaji wa wastani wa mwaka na kuurekebisha katika bei, kisha kuuandika katika mkataba kwa lugha isiyo na utata. Jambo hili ndilo kiini cha kazi, na sehemu kubwa yake hujifunzwa kwa kukaa kando ya mtu anayelifanya. Mwenye CPA anavyo vipande vyake, mwenye CFA anavyo vipande vyake, na aliyekulia katika nyumba inayosubiri malipo ya mnada kila msimu anacho kipande ambacho mwenzake wa Dar es Salaam hana, ilimradi ajue kukiweka katika tarakimu.

Cheti cha CMSA: leseni kwanza, sifa baadaye

CMSA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na DSE ikaanza kuuza na kununua hisa Aprili 1998. Tangu hapo, anayetaka kuwa dalali wa hisa, mshauri wa uwekezaji au mwakilishi wao ni lazima apate leseni ya mamlaka hiyo, na mafunzo ya uthibitisho yanayosimamiwa nayo ni sehemu ya njia ya kuipata. Hiki ni cheti kifupi kuliko vyote, ni nafuu, na kwa sura ya kimataifa hakina jina kubwa. Hata hivyo ndicho pekee kati ya vitatu ambacho sheria ya Tanzania ina sauti juu yake. Mwenye CFA ya ngazi zote tatu hawezi kuuza ushauri wa dhamana, yaani hisa na hatifungani, hapa nchini kwa kuonyesha cheti chake cha Marekani.

Umuhimu wake umekua kwa sababu miamala ya hisa na hatifungani imeongezeka. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 na kukusanya shilingi bilioni 476. Benki ya NMB ilitoa hatifungani ya Jasiri mwaka 2022, CRDB ikatoa ya Kijani mwaka 2023, na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hatifungani ya miaka kumi yenye riba ya asilimia 13.5. Huo wa mwisho ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu umeonyesha kwamba chombo cha umma cha mkoani kinaweza kwenda sokoni chenyewe, na sioni kwa nini siku moja isiwe zamu ya Mtwara au Lindi. Kila muamala wa namna hiyo unahitaji waraka wa matarajio (prospectus) ulioidhinishwa na CMSA, na watu wanaojua kuuandika hawajawa wengi. Ila usikimbilie cheti hiki ukiwa bado mtaani bila kazi. Leseni ya mwakilishi huenda pamoja na kampuni unayoiwakilisha, kwa hiyo mara nyingi hukifanya ukiwa umeshaingia, na mwajiri akikulipia.

Kwa anayelenga ng'ambo

Huko New York, anayefanya kazi za benki ya uwekezaji hutakiwa kufaulu mtihani uitwao Series 79, unaosimamiwa na FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa dhamana Marekani, na hawezi kuufanya bila kudhaminiwa na kampuni iliyomwajiri. Benki humchukua mtu kwanza, humfundisha wiki kadhaa, kisha humpeleka kwenye mtihani. Hakuna anayemtaka awe na CFA siku ya kwanza, na London hali ni hiyo hiyo: wanaoingia huchukuliwa kutoka vyuo vichache vinavyojulikana, wengi wao wakiwa wameshafanya mazoezi ya kazi katika likizo ya mwaka wa kabla ya mwisho.

Hapo ndipo ninapomtoa mtu wa pili katika kanuni yangu. Mhitimu wa chuo cha Kusini anayepeleka maombi Nairobi au Johannesburg anakutana na msomaji wa wasifu ambaye hakijui chuo chake na hana namna ya kujua kama alama zake za Mtwara zina uzito gani. Kufaulu ngazi ya kwanza ya CFA kunampa msomaji huyo kipimo ambacho tayari anakijua, kwa kuwa mtihani ni ule ule aliofanya mtu wa Cape Town au Mumbai. Kwa mtu huyu ngazi ya kwanza ina thamani kubwa, ya pili ina thamani ya wastani, na ya tatu inaweza kusubiri hadi mwajiri ailipie. Kanuni za CFA huruhusu mwanafunzi kuanza ngazi ya kwanza akiwa amebakiza miezi isiyozidi 23 kumaliza shahada, kwa hiyo anayeanza mapema anaweza kuvaa joho huku tayari anayo matokeo.

ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, sijaipa sehemu yake kwa makusudi. Ina mitihani 13, inasafiri vizuri zaidi ya CPA nje ya nchi, lakini kwa anayekusudia kufanya kazi Tanzania haibadilishi hoja, na ada yake ni ya fedha za kigeni. Shahada ya uzamili nayo ni mjadala mwingine. Iliyo ya chuo chenye jina kubwa nje hufungua milango, na ile inayosomwa jioni kwa sababu tu nafasi ipo haiongezi mengi juu ya CPA.

Ukipanga, panga hivi

Mwenye shahada ya uhasibu, anayeishi Mtwara, ambaye ada yake inategemea fedha za korosho za familia: ajisajili NBAA, aombe kazi katika kampuni za ukaguzi hata kama ni mbali na nyumbani, na jioni ajifunze kujenga makadirio katika Excel kwa kutumia taarifa za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa DSE, ambazo zinapatikana bure. Makadirio mawili au matatu yaliyojengwa vizuri, anayoweza kuyatetea mbele ya mtu aliyekunja uso, yatamsaidia katika usaili kuliko ngazi ya pili ya CFA. Bado yuko chuoni? Ashiriki shindano la uwekezaji la wanafunzi linaloendeshwa na DSE. Halimpi cheti cha maana, ila humzoesha kusoma soko.

Aliyekwisha kuajiriwa katika tawi la benki, Lindi au Masasi, ana hesabu tofauti. Kuhama kutoka dirishani au dawati la mikopo midogo kwenda kitengo cha ushauri makao makuu ni uhamisho wa ndani, na wanaoamua huangalia kwanza kama unajua kuchambua mkopo mkubwa wa kampuni. Kwake CPA bado inatangulia, lakini ngazi ya kwanza ya CFA inaweza kuja sambamba ikiwa benki ina utaratibu wa kurudisha ada kwa anayefaulu. Asome masharti ya utaratibu huo kwa makini: mara nyingi humfunga mtumishi kubaki kazini kwa kipindi fulani baada ya kurudishiwa fedha, na akiondoka mapema hudaiwa.

Mwenye shahada ya uchumi au hisabati, asiye na uhasibu kabisa, ndiye ambaye CPA itamchukulia muda mrefu zaidi, kwa kuwa misamaha yake ni michache. Huyu anaweza kuanza na CFA bila kujilaumu, maana ngazi ya kwanza itampa uhasibu wa kumtosha kuanza kusoma taarifa za fedha, ila ajue kwamba kampuni za ukaguzi zitamwona kama mgeni na kwamba mlango wake wa karibu zaidi ni madalali wa hisa na wasimamizi wa mifuko, ambako CMSA itamngoja na leseni yake.